Pensheni Jamii ya Zanzibar: huduma ya kusifiwa, ila umri ndio mtihani

Ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, tajiri kwa maskini. Baadaye ikapanda hadi 50,000. Uzuri wake ni kuwa pesa taslimu: bibi wa Wete ndiye anayeamua, mchele au dawa. Kule Kanada, posho ya watoto ya 1945 Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya barafu, walipewa kwa bidhaa, maziwa ya unga na uji wa watoto, kwa orodha ya serikali, dukani kwa mnunuzi wa manyoya. Tena kila mtu na kisahani chake cha namba, ndicho kitambulisho chake kwa serikali! Kasoro ya huku ni umri: cheti cha kuzaliwa hakuna, au kitambulisho kina mwaka usio wake, mzee akabaki kungoja. Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, kabla mzee hajatimiza 70.