Meza ya daining kwa chumba kidogo: ipi ichukue namba moja, ipi uachane nayo

Watu wengi wakienda kununua meza wanaangalia meza tu, wakati kinachomaliza nafasi kwenye daining ndogo ni viti, hasa pale mtu anapovuta kiti nyuma ili anyanyuke. Hapo unahitaji kama sentimita 75 kutoka ukingo wa meza mpaka ukutani, na kama nyuma ya huyo aliyekaa ndo njia ya kupita na masufuria ya moto basi weka 90. Sasa chukua chumba cha mita 3 kwa 2.7, toa 90 kila upande, unabaki na meza ya sentimita 120 kwa 90. Hiyo ndo saizi yako, hata muuzaji akikuapia kwamba ile ya watu sita "itaingia tu". Itaingia kweli, nyie ndo hamtaingia.

Kabla hujalipa chochote tandika magazeti sakafuni kwa saizi ya meza unayoitaka, weka kiti chochote ulichonacho, kaa, vuta, nyanyuka, fungua mlango na kabati la karibu uone kama vinagongana. Na kila mlaji mhesabie sentimita 60 za ukingo wa meza ili viwiko visipigane. Haya twende kwenye orodha, nimepanga kwa kuangalia chumba kidogo cha watu wawili mpaka wanne.

1. Meza ya duara yenye mguu mmoja katikati

Kwangu hii haina mpinzani kama chumba chako kinakaribia mraba. Haina kona za kukugonga paja ukipita, haina miguu minne ya kugombana na magoti, na mgeni wa tano akitokea mnasogea kidogo maisha yanaendelea. Ya kipenyo cha sentimita 90 inatosha watu wanne, ukipiga hesabu kila mmoja anapata kama 70 za ukingo, ila katikati mabakuli yatabanana. Ukipata ya 105 au 110 na nafasi inaruhusu chukua hiyo.

Cha kukagua ni huo mguu. Kitako chake kiwe kipana na kizito, egemea ukingo wa meza kwa mkono mmoja kama mtu anayenyanyuka, ikiinuka upande wa pili achana nayo kabisa kwa sababu kuna siku mtoto atajining'iniza hapo. Pia kitako kisiwe kipana kiasi kwamba miguu ya viti inapanda juu yake, viti vitacheza kila siku na utadhani fundi kakuibia. Chumba kikiwa chembamba na kirefu usilazimishe duara, ruka hadi namba tatu.

2. Meza ya mabawa ya kukunja

Hii inakaa ukutani imefungwa, nyembamba tu, siku za kawaida unafungua bawa moja mnakula wawili, wageni wakija unafungua yote mawili. Kwa mtu ambaye daining yake ndo hiyohiyo sebule, hii inaweza kuwa namba moja. Ubaya wake ni miguu, maana ina miguu ya ziada ya kushikilia mabawa na mara nyingi mmoja wapo unakaa palepale goti lako linapotaka kukaa, kwa hiyo usinunue bila kuikalia ikiwa imefunguliwa. Bawaba ziwe za chuma zilizofungwa kwa skrubu zilizoingia kwenye mbao ngumu. Bonyeza mwisho wa bawa kwa kiganja, likishuka hata kidogo likiwa jipya, baada ya mwaka utakuwa unakula kwenye mteremko.

3. Meza nyembamba ya mstatili na benchi

Upana wa sentimita 75 unatosha watu kukaa wakitazamana. Upande wa ukutani weka benchi, halivutwi nyuma kama kiti kwa hiyo ule upande hauhitaji njia kabisa, watu wanateleza tu kuingia. Watoto wanaipenda, wazee hawaipendi, na benchi lisilo na mgongo linachosha mkikaa kupiga stori, ila ukuta wenyewe unaweza kuwa mgongo ukiweka mito. Lile la kufunguka juu unahifadhi vitambaa na vyombo vya sikukuu ndani. Kama benchi unataka liingie chini ya meza, pima umbali kati ya miguu ya meza, benchi liwe fupi kuliko hapo.

4. Meza ya kurefusha

Wazo zuri, ila watu wanapima ikiwa fupi alafu siku ya wageni wanagundua haifunguki yote bila kuhamisha friji. Ipime ikiwa ndefu. Jaribu kuivuta peke yako, na uliza kile kipande cha kuongezea kinakaa wapi, maana kama hakijifichi ndani ya meza utakilaza chini ya kitanda.

5. Meza ya kimo kirefu ya stuli

Inapendeza kwenye picha. Ni sawa kwa chai ya haraka ya watu wawili, kwa mlo wa saa nzima hapana, na mtoto mdogo juu ya stuli ndefu ni presha tu.

Ya mwisho ni seti ya viti sita iliyopunguzwa bei. Iache palepale.

Kuhusu viti: meza nyingi zina kimo cha kama sentimita 75 na kiti kizuri kinakalika kwenye 45 hivi, hiyo tofauti ya 30 ndo inayokupa nafasi ya mapaja. Chenye mikono pima kwanza, mikono ikigonga fremu ya chini ya meza kiti kitabaki nje daima. Viti vyenye mgongo wa wazi vinafanya chumba kionekane chepesi, vya kupandana vinakuokoa zaidi.

Kwenye malighafi, mbao halisi unaweza kuipiga msasa na kuipaka vanishi upya ikichakaa, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ikiingiwa maji kwenye kingo inavimba na hairudi, kwa hiyo kagua kingo kuliko uso. Kioo kinafungua chumba lakini alama za vidole zitakufanya uishi na kitambaa mkononi.

Mapambo yaje mwisho na yawe machache. Taa moja ya kuning'inia, ukingo wake wa chini ukae sentimita 75 mpaka 85 juu ya meza, balbu ya mwanga wa njano wa kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga). Kioo cha ukutani weka pale kinapotazama dirisha, kikitazama sinki umejiongezea vyombo vichafu mara mbili. Zulia mimi naliruka, kwa sababu ili miguu ya viti isikwame lazima lizidi meza kama sentimita 60 kila upande, na kwenye chumba kidogo hapo umeshafika ukutani.

Na pima upana wa mlango na kona za ngazi kabla ya kuagiza, hasa ile ya duara. Uliza kama mguu unafunguka, maana uso wa sentimita 110 unapita ukisimamishwa wima, ila ukiwa umeganda na mguu wake mtabaki nao koridoni.