Sanduku la Dharura la Saa 72: Tathmini kwa Kaya ya Kijijini

Masanduku ya dharura yanayouzwa yakiwa yamekwisha kupangwa yamekuwa bidhaa ya kawaida. Hili ninalolitathmini limekusudiwa kaya ya watu wanne kwa muda wa saa 72, na ndani yake mna redio ya kuzungusha kwa mkono, tochi mbili, pakiti za maji, kichujio, vidonge vya klorini, biskuti za akiba, jiko dogo la kukunja, vifaa vya huduma ya kwanza, turubai, blanketi za karatasi ya fedha, glavu, filimbi na mfuko wa nyaraka usiopitisha maji. Nimekitumia kila kifaa nyumbani nikijiuliza swali moja tu: je, kitaifaa nyumba iliyo mbali na mji, ambayo daraja likisombwa haina njia ya pili? Kwa maoni yangu, redio peke yake inakaribia kuihalalisha bei ya sanduku zima, ilhali upande wa maji umeandaliwa kwa namna inayoweza kumpa mnunuzi utulivu asiostahili kuwa nao.

Kipimo cha saa 72 hakikuokotwa njiani. Miongozo ya maafa ya nchi nyingi huitaka kila kaya iweze kujitegemea kwa siku tatu, kwa kudhani kwamba baada ya hapo waokoaji watakuwa wamefika. Dhana hiyo ina mashiko mjini. Vijijini hulegea haraka, kwa kuwa waokoaji huanzia penye watu wengi, na barabara ndogo hutengenezwa mwisho. Ndiyo maana majimbo ya Oregon na Washington nchini Marekani, yaliyo jirani na ufa wa Cascadia ambao mara ya mwisho ulizua tetemeko kuu tarehe 26 Januari 1700, huwashauri wakazi wake waweke akiba ya wiki mbili. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliufikisha ujumbe huohuo kwenye milima ya magharibi mwa North Carolina, mbali kabisa na bahari: barabara zilikatika, simu zikazimika, baadhi ya misaada ikapandishwa milimani kwa nyumbu wa kubebea mizigo (mahuluti wa punda na farasi), na katika mji wa Asheville maji ya bomba hayakutangazwa kuwa salama kwa kunywa hadi tarehe 18 Novemba. Laiti mtengenezaji angeandika juu ya kifuniko "siku tatu za mwanzo" badala ya "siku tatu", nisingekuwa na ugomvi naye.

Sasa nije kwenye maji. Makadirio yanayotumiwa sana ni lita nne kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi mdogo. Watu wanne kwa siku tatu wanahitaji basi lita 48, yaani mzigo wa kilo 48, ambao hakuna sanduku la kubebwa mkononi linaloweza kuubeba. Mtengenezaji amelikwepa tatizo hilo kwa kuweka pakiti 24 za mililita 125, jumla lita tatu, kisha akaandika kwa herufi kubwa kwamba maji yamo. Yamo, ndiyo, ila hayamtoshi hata mtu mmoja kwa siku moja. Madumu safi yenye vifuniko, yakijazwa na kuwekwa mahali pa kivuli, na maji yake kubadilishwa kila baada ya miezi sita, yatafanya kazi kubwa kuliko pakiti zote hizo.

Kichujio, kwa upande mwingine, ni kizuri, mradi mtumiaji ajue mipaka yake, ambayo kijikaratasi cha maelezo hakiielezi. Vitundu vyake vina ukubwa wa mikroni 0.1 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), hivyo huzuia bakteria na vimelea kama giardia na kriptosporidiamu, lakini virusi ni vidogo zaidi na vinaweza kupenya. Vidonge vya klorini vina udhaifu wa upande wa pili: huviua virusi na bakteria, ila kriptosporidiamu huvihimili. Kwa hiyo maji yachujwe kwanza, kisha yatiwe klorini na kuachwa kwa dakika 30. Na penye moto, kuchemsha hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au dakika tatu mahali palipo juu ya mita 2,000, kunatosha kuviua vijidudu vyote hivyo. Kuna jambo moja ambalo kwa mkazi wa mashambani ni zito kuliko mengine yote, nalo ni kwamba hakuna hata njia moja kati ya hizi inayoaminika kuondoa dawa za kilimo au mafuta ya mashine. Mafuriko yaliyopita kwenye ghala la viuatilifu huacha maji ambayo hayapaswi kunywewa hata yakichemshwa mchana kutwa. Onyo hilo lingestahili ukurasa mzima wa kijikaratasi; sikuliona popote.

Redio ndiyo iliyonifurahisha. Inapokea masafa ya FM na ya mawimbi ya kati, ina betri ya kuchajiwa, na zaidi ya hayo ina nafasi ya betri tatu za kawaida, jambo ambalo redio nyingi za aina hii huliacha ili kupunguza gharama. Mawimbi ya FM huhitaji njia iliyo wazi kati ya mnara na redio, hivyo nyumba iliyo bondeni huambulia mkwaruzo mtupu. Mawimbi ya kati hufuata uso wa ardhi, na usiku husafiri mbali zaidi kwa kurudishwa na tabaka la juu la anga. Bondeni, basi, uwezo huo una thamani kuliko taa zote za kumetameta zilizopachikwa ubavuni. Wazo lenyewe la redio isiyotegemea umeme lilipata umaarufu kupitia mvumbuzi Mwingereza Trevor Baylis, aliyelianza mwaka 1991 baada ya kutazama kipindi cha televisheni kuhusu ugumu wa kueneza elimu ya UKIMWI barani Afrika, na tangu hapo nakala zake zimekuwa nyingi, nzuri kwa mbaya.

Hata hivyo, mkono wa kuzungusha husifiwa kupita kiasi. Dinamo ndogo ya namna hii, ikizungushwa kwa bidii, hutoa pengine wati tatu. Redio katika sauti ya chini hutumia sehemu ndogo tu ya wati moja, kwa hiyo dakika chache za kuzungusha huleta taarifa ya habari nzima. Simu ya kisasa yenye betri ya saa-wati 15, yaani inayoweza kutoa wati moja kwa saa 15, ni habari nyingine: ingehitaji zaidi ya saa tano za kuzungusha bila kupumzika, na mpini wa plastiki ungevunjika kabla ya hapo. Kipande cha sola kilicho juu yake, kisichozidi kiganja, ni cha kudumisha chaji tu. Atakaye kuokoa simu yake anunue pawabenki na aichaji mara tu utabiri wa hali mbaya ya hewa unapotolewa. Akumbuke pia kwamba minara ya simu nayo hutegemea betri za akiba zenye kikomo. Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira nchini Msumbiji usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, mawasiliano ya mji mzima yalikatika.

Vingine nivipitie haraka. Tochi zinatosha, turubai ni nene kuliko nilivyotarajia, glavu ni kubwa mno kwa mikono ya wastani, na biskuti zinalika, neno ambalo nimelichagua kwa uangalifu. Blanketi za karatasi ya fedha, teknolojia iliyotokana na kazi za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, za mwaka 1964, hurudisha sehemu kubwa ya joto la mwili, lakini huchanika zikiguswa na kijiti. Kisanduku cha huduma ya kwanza kimejaa plasta za michubuko na kina shashi chache mno kwa jeraha la kweli. Dawa za kila siku za mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu ni juu ya kaya yenyewe. Jiko la kukunja lisiwashwe ndani ya nyumba kamwe, kwa sababu hewa ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini. Onyo hilo limechapishwa, ila kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani hatazisoma.

Dosari kubwa kuliko zote ni kwamba sanduku halijui litakwenda kwenye hatari gani. Penye mafuriko lingepaswa kuwa na tundu la kulitundikia juu ya ukuta, kwani halina mpira wa kuzuia maji kwenye kifuniko. Penye moto wa nyika lingehitaji barakoa za N95, zinazochuja chembechembe za moshi, na halina hata moja. Penye maporomoko ya ardhi, ambako familia huenda ikapata dakika chache za kuondoka, kilo zake ni nyingi mno, nami ningeutoa mfuko wa nyaraka, redio na dawa na kuviweka katika begi la mgongoni karibu na mlango.

Kwa kaya isiyo na chochote, ningeshauri sanduku hili linunuliwe, pamoja na madumu ya maji yanayotosha wiki mbili. Aliye tayari na tochi, turubai na shashi anunue redio hiyohiyo, ambayo huuzwa pia peke yake, na kichujio. Betri zisikae ndani ya redio, kwa kuwa huvuja na kuozesha viungo vya chuma. Zifungwe pembeni katika mfuko wa nailoni. Dhamana ni ya mwaka mmoja na inahusu redio na tochi tu, kwa hiyo mpini uzungushwe siku ileile sanduku linapofika, risiti ikiwa bado mkononi.