Mwaka mmoja wa kuchokonoa RAV4 yangu mwenyewe

Gari letu ni Toyota RAV4 ya 2003, ya milango mitano, ile ambayo mtaani wanaiita Kilitime. Injini yake ni 1AZ-FSE, yaani D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na nikiitaja D4 kijiweni watu hunipa pole kwanza, salamu baadaye. Nililinunua likiwa na namba ya usajili ya C, limeshapita mikononi mwa watu wawili ninaowajua na pengine wengine nisiowajua. Linanibeba mimi, mama watoto, watoto watatu, na magunia ya mama mkwe kutoka Kondoa. Tunaishi Dodoma, kwa hiyo linabeba na vumbi.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti. Nilianza kushika spana kwa hasira. Nilikuwa nimelipa sh. 200,000 ya "sevisi kubwa" kwenye gereji moja, kisha nilipofungua boksi la chujio la hewa nikakuta chujio lile lile la zamani, limepulizwa upepo tu na kurudishwa. Wiki mbili baadaye taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na fundi yule yule akaniambia sensa ya oksijeni imekufa, niandae 450,000. Nikamwambia, "Sawa kaka, nitakupigia." Sikupiga. Nikaenda kununua boksi la soketi la 85,000.

Kwanza nilipoteza hela. Nilinunua kile kidude cha Bluetooth cha kupimia gari, ELM327, kwa 35,000. Kwenye gari la shemeji yangu kilisoma vizuri, kwangu kikagoma kabisa kuunganika. Kumbe gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile zina soketi inayofanana na ya OBD2, ile lugha ya pamoja ya kusomea makosa ya gari, lakini haziongei lugha hiyo vilivyo. Wapo wanaofaulu kwa kuingiza amri maalumu kwenye programu ya simu. Mimi nilijaribu jioni mbili, nikachoka, nikampa shemeji.

Kilichonisaidia ni kipande cha waya. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna ile soketi ya matundu 16. Unaunganisha tundu la 4 na la 13, unawasha switi bila kuwasha injini, halafu unaitazama taa ya cheki injini. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, haina kosa la kusema. Ikiwa na kosa, inakonyeza kwa hesabu: yangu ilikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara moja. Ishirini na moja. Hiyo ni namba ya sensa ya oksijeni, kwa hiyo fundi hakunidanganya moja kwa moja. Angalizo: usikisie matundu. La 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na waya ukigusa pasipotakiwa utatafuta kosa jipya la gharama kuliko la kwanza.

Sasa namba ile haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta haipati taarifa inayoeleweka kutoka upande huo. Nikalala chini ya boneti na tochi, nikaufuata waya wa sensa kutoka kwenye ekzosi hadi kwenye soketi yake, na sentimita chache mbele ya soketi nikakuta nyaya mbili zimetafunwa hadi shaba inaonekana. Panya. Stoo yetu ya mahindi iko hatua kumi kutoka gari linapolala, na injini iliyozimwa jioni ni joto zuri kuliko stoo. Bahati ni kwamba walitafuna upande wa gari, si upande wa sensa yenyewe, maana nyaya za sensa hizi hazipendi kuchomelewa: inavuta hewa kupitia humo humo kwenye waya. Nikakata palipotafunwa, nikaunga kwa risasi, nikavalisha mpira unaojikaza kwa joto, nikachomoa fyuzi ya EFI, ile ya kompyuta ya injini, dakika moja ili kumbukumbu ifutike. Taa haijarudi tangu hapo. Gharama yote, 6,000. Panya nimewahamishia vita stooni.

Baada ya ushindi huo nikawa sikamatiki. Kila Jumamosi mama watoto akinitafuta alikuta miguu tu.

Kazi ya pili iliyonilipa ni kusafisha throto, ule mlango wa hewa ya injini. Gari lilikuwa linakosa sailensi, yaani halitulii likinguruma limesimama, hasa ukiwasha AC kwenye foleni: mshale wa mizunguko ya injini unashuka, gari linatetemeka, halafu linajikumbuka. Kopo la dawa ya kusafishia ni 12,000. Throto ya injini hii inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo nilichomoa betri kwanza na sikukisukuma kile kibati kwa kidole kwa nguvu. Kitambaa kilitoka cheusi kama sufuria ya kuni. Nilipowasha mara ya kwanza ilinguruma juu juu kwa dakika kadhaa nikadhani nimeharibu, kumbe kompyuta ilikuwa inajifunza upya. Sasa imetulia.

Ila nisiwape matumaini makubwa. Kwenye D4 petroli inapulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, haipiti kwenye vali za kuingizia hewa kama injini za kawaida. Kwa hiyo hakuna kinachoziosha vali hizo, na masizi yanayotoka kwenye EGR (njia inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini) na mvuke wa oili vinajijenga huko. Kopo lako la 12,000 linasafisha mlangoni tu. Chumbani ni kazi ya kufungua manifodi, yale mabomba ya kuingizia hewa, na mimi sijafika huko. Wanaouza dawa ya kumimina kwenye tanki wakisema itasafisha vali za D4, waulize itapitia wapi.

Plagi nilibadilisha mwenyewe pia. Spana ya soketi ya milimita 16, boliti moja ya milimita kumi kwa kila koili, nusu saa umemaliza. Hapa tatizo lilikuwa dukani. Seti ya kwanza niliuziwa 40,000 kwa zote nne, boksi linang'aa, maandishi yamekaa vizuri. Baada ya mwezi gari likaanza kumisi, yaani kukatakata, kwenye mlima. Nilipozitoa ncha zilikuwa zimelika. Plagi halisi za iridiamu haziishi kwa mwezi. Seti ya pili nikaagiza Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, kwa mtu anayemuuzia kaka yangu, nikapokea kwenye basi, 150,000. Hadi leo shwari. Na zingatia: plagi za D4 zina namba yake, usikubali za 1AZ ya kawaida isiyo D4 kwa sababu tu zinaingia. Ukiweka mpya, zungusha kwa mkono hadi ile pete yake (washa) iguse, kisha nusu mzunguko au zaidi kidogo. Usiikomoe, kichwa cha injini ni aluminiamu.

Chujio la AC liko nyuma ya droo ya dashibodi. Dakika tano, bila spana. Langu lilikuwa na majani makavu na mbawa za kumbikumbi. Mtoto wa kati alikuwa anapiga chafya kila safari na tulikuwa tunalaumu manyoya ya kuku. Sisemi nimemtibu, lakini chafya zimepungua, na upepo wa AC umerudi. Kama gari lako linaishi Dodoma, Singida au Shinyanga, anza na hili kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Breki za mbele nilibadilisha pedi mwenyewe, na hapa nakiri sikuokoa chochote cha maana: pedi 70,000, na fundi angetoza 20,000 tu ya mkono wake. Nilichopata ni kuziona zile pini ambazo kalipa, kile kinachobana pedi, inatelezea. Moja ilikuwa imekauka kabisa, ndiyo maana pedi ya ndani ilikwisha na ya nje ilikuwa bado nene. Mafundi wawili waliowahi kubadilisha kabla yangu hawakuigusa. Niliisafisha, nikaipaka grisi ya breki, si grisi ya kawaida inayovimbisha raba. Halafu nikafanya kosa la kipumbavu. Nilirudisha tairi, nikakaza nati, nikawasha, nikaweka gia ya rivasi bila kukanyaga pedali mara kadhaa kwanza ili pistoni zirudi kugusa pedi. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda hadi chini. Geti langu lina mbonyeo mpaka leo. Mama watoto hakusema neno, alitoka, akaliangalia geti, akarudi ndani, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko maneno. Kingine: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Stendi mbili ni 60,000. Nilizinunua kabla ya soketi ya pili.

Taa za mbele zilikuwa za njano kama maji ya mchele wa mafuta. Nilianza na dawa ya meno kama wanavyoelekeza, zikang'aa, na kabla ya mwezi kuisha zikarudi njano. Jua la huku linakula plastiki, na ukisugua unaondoa hata kile kinga kidogo kilichobaki. Mara ya pili nilitumia msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, nikapiga polishi, halafu nikapulizia klia, ile vanishi isiyo na rangi, yenye kinga ya jua. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Miezi minane sasa, bado naona njia.

Balbu za LED, hapana. Nililipa 70,000 kwa jozi, nyeupe, kali, ukiegesha mbele ya ukuta unajisikia umenunua gari jipya. Safari ya usiku kwenda Morogoro, kuanzia Kibaigwa hadi Gairo, kila lori lililokuja mbele yangu lilinipiga fulu hadi nikaona nyota. Nikasimama kituo cha mafuta, nikashuka kuangalia: mwanga ulikuwa umetawanyika, mwingi unapanda kwenye macho ya watu na mdogo unashuka barabarani. Kioo cha taa hii kilipangwa kwa waya wa halojeni uliokaa mahali pake hasa. Nikarudisha halojeni pale pale. Taa safi na balbu ya kawaida inashinda LED kwenye taa chafu, na haikutukanishi.

Redio ndiyo kitu ambacho familia inanisifia, ingawa kwa gari lenyewe haina faida yoyote. Redio za Japani za wakati ule zinashika FM 76 hadi 90, na huku stesheni zetu zimepangwa kati ya 88 na 108, kwa hiyo miaka yote tulisikiliza stesheni moja na nusu. Kuna kile kibadilisha masafa cha 20,000, kinafanya kazi ila namba unayoiona siyo stesheni unayosikia. Nikaamua kufunga ya Android ya inchi 9, 290,000, pamoja na kamera ya nyuma, 40,000. Kufunga si kugumu, ila ziheshimu rangi: waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu unakuja ukiwasha switi, mweusi ni ethi. Mimi niliunganisha mwekundu na wa njano pamoja ili watoto wasikilize muziki bila ufunguo. Jumatatu asubuhi, watoto wamevaa sare, betri imekufa kabisa. Tulikwenda shule kwa bajaji mbili.

Springi sikugusa. Nilitaka kunyanyua gari kidogo kwa spesa kwa sababu ya njia ya kwa mama mkwe, na hiyo nilimpelekea fundi mwenye kibano kizuri, maana springi iliyobanwa ikichomoka haina huruma. Akaweka, tukapima magurudumu upya. Sasa tumbo haligusi tena mawe, lakini gari linayumba zaidi kwenye kona, na mama mkwe anahitaji kigoda kupanda. Kama ningerudi nyuma ningebadilisha shokapu na raba za stabilaiza tu, basi.

Siku ile ya redio nilikiona pia kile kisanduku cha ETC chini ya usukani, kile chenye sauti ya dada inayosema Kijapani kila ukiwasha gari. Anachosema yule dada ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Nikashika waya wake nikivute. Yule mdogo, wa miaka minne, akaanza kulia, kwa sababu amezoea kumwamkia kila asubuhi. Nikauacha.