Betri za kuchaji au za kutupa? Zipi za kununua kwa nyumba ya Mombasa

Hesabu vitu vinavyotumia betri nyumbani kwako: rimoti ya runinga, rimoti ya king'amuzi, saa ya ukutani, saa ya adhana, tochi ya stima ikipotea, mashine ya presha ya bibi, gari la mtoto lililonunuliwa Idd. Pesa nyingi hupotea kwa sababu tunanunulia vyote hivyo mawe ya aina moja, yale ya bei rahisi yaliyoning'inizwa kwenye duka la karibu. Nimezipanga hapa kuanzia zile ningezinunua kwanza.

Nafasi ya kwanza nazipa betri za kuchaji za NiMH, yaani zile zinazotumia nikeli, kwa kitu chochote kinachomaliza mawe ndani ya mwezi mmoja au miwili: midoli yenye mota, maikrofoni, tochi inayowashwa kila usiku. Chagua zile ambazo pakiti inasema zimeshachajiwa kiwandani. Za aina hiyo zilianza na Eneloop ya Sanyo mwaka 2005, na sasa kampuni nyingi zinazitengeneza. NiMH za zamani zilikuwa zinaisha chaji zikiwa zimelala tu kwenye droo, na joto la Pwani likizidi kuziharakisha. Hizi mpya ukiziweka mwaka mzima bado utazikuta na chaji nyingi.

Soma namba ya mAh, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba. AA ya kweli ya NiMH, saizi ile ya saa ya ukutani, huwa kati ya 1,900 na 2,800 hivi. Ukioneshwa iliyoandikwa 3,500 au 4,000, rudisha bila kubishana, hiyo namba ni ya uongo. Watu hulizwa zaidi kwenye saizi D, yale mawe makubwa ya redio na tochi. Nyingi za kuchaji zinazouzwa kwa saizi hiyo ni betri ndogo iliyofichwa ndani ya ganda kubwa. Ishike mkononi kabla hujalipa: ya kweli ni nzito na ina mAh 8,000 au zaidi, hiyo nyingine ni nyepesi ajabu na ukigeuza ubavu utasoma 2,500 au chini yake.

Wengi wanaogopa kwamba NiMH ni volti 1.2 na ya kutupa ni 1.5. Lakini ile 1.5 ni ya siku ya kwanza tu, kisha inashuka kidogo kidogo kadiri unavyotumia, wakati NiMH inakaa karibu na 1.2 mpaka inapokaribia kuisha. Vifaa vingi havioni tofauti.

Usibane pesa kwenye chaja. Nunua inayosimamia kila betri peke yake, yenye taa moja kwa kila nafasi, na inayojizima betri ikijaa. Zile zinazochaji mbili mbili bila kujua kama zimejaa ndizo zinazochemsha betri na kuziua mapema, halafu lawama zinaiendea betri. Kuhusu stima usiwe na wasiwasi: uniti moja ya tokeni inatosha kujaza AA nne zaidi ya mara 40. Na betri yenyewe, ikitunzwa, huchajika mamia ya mara. Hata seti na chaja yake zikigharimu mara sita ya pakiti ya alkalini, zile bora za kutupa, gari la mtoto linalokula pakiti moja kila mwezi litakuwa limerudisha pesa hiyo kwa nusu mwaka.

Nafasi ya pili ni alkalini, na kwa baadhi ya vifaa ningeitanguliza. Saa ya ukutani na rimoti hula kidogo mno, jiwe moja linaweza kumaliza mwaka, kwa hiyo kuzichajia ni kazi bure. Tochi ya dharura pia, kwa sababu inakaa miezi bila kuguswa. Mashine ya presha naiwekea alkalini: pampu yake inavuta umeme mwingi kwa mpigo, na bibi akisikia kizunguzungu usiku hakuna wa kungoja chaja. Angalia tarehe kwenye pakiti, na usinunue zilizokuwa zikipigwa na jua mlangoni mwa duka.

Za lithiamu za volti 1.5 zenye tundu la USB nimeziweka ya tatu. Zina nguvu na huchajiwa kwa waya kama simu, ila nyingi huzima ghafla bila dalili, na hazifai kwenye chaja ya NiMH kabisa.

Za mwisho ni zile za bei ya chini za zinki na kaboni, ambazo mara nyingi huandikwa Heavy Duty. Ganda lake la zinki ndilo linaloliwa betri inapofanya kazi, kwa hiyo likishatoboka, maji yake yanamwagikia springi. Na hapa kwetu penye unyevu na hewa ya chumvi, springi iliyokwisha kuguswa haikawii kuota kutu. Alkalini nayo huvuja ikisahaulika. Ukikuta unga mweupe wa alkalini, vaa glavu, chovya pamba kwenye maji ya ndimu, sugua springi mpaka unga uishe, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo na uache ikauke kabisa kabla ya kutia betri nyingine.

Usichanganye betri mpya na kuukuu, na usiweke ya kutupa kwenye chaja, inaweza kupasuka. Vile vidude vya duara vya saa na rimoti ndogo, yaani betri ndogo kama vifungo, vifungiwe mbali na watoto: kikimezwa na kukwama kooni, huunguza ndani ya saa mbili, basi mtoto apelekwe hospitali hapo hapo bila kusubiri dalili. Zilizokwisha usizitie motoni pamoja na takataka za nyumba. Ziweke kwenye mkebe mkavu, ncha za zile za lithiamu na za vile vidude zikiwa zimebandikwa seloteipu, mpaka upate wanaokusanya taka za elektroniki.