Usikubali kuambiwa kava la feni ni urembo

Nianze na lililonikera, maana nisipolitoa kwanza sitaweza kuandika mengine kwa utulivu. Rejeta mpya ya shaba ya Land Cruiser mkonga, zile za zamani zenye injini ya dizeli ya 1HZ, imelazwa juu ya kaunta kando ya rejeta kuukuu. Matundu ya boliti za kava la feni, ile fremu inayoizunguka feni nyuma ya rejeta, hayalingani, yamepishana kwa upana wa kidole kizima. Namwonyesha kijana wa duka, wala hainami kutazama. "Mzee wangu, hilo kava ni urembo tu. Litoe, feni ipate hewa, gari litapoa zaidi." Namwomba basi ipimwe presha kabla sijalipa. Ananijibu kwa sauti, wateja wengine wakisikia, kwamba duka lake si karo la kuogeshea marejeta, na kama siitaki niiache hapohapo, wenye hela wanakuja.

Niliichukua, kwa sababu siku ile hapakuwa na nyingine ya shaba ya saizi hiyo katika maduka ya spea ya katikati ya jiji la Mwanza. Lakini ushauri ule ni wa kuua injini, na anapewa mtu aliyeshika laki kadhaa taslimu mkononi. Hilo ndilo siwezi kulisamehe.

Feni ya mkonga inazungushwa na injini na inakaa nyuma ya rejeta. Feni ni duara, rejeta ni mstatili. Ukiondoa kava, feni inavuta hewa kupitia duara lililo mbele yake tu, na zile pembe nne za rejeta zinabaki hazifanyi kazi. Ubaya zaidi, hewa ya moto iliyokwisha kusukumwa nyuma inazunguka kwenye ncha za panga na kuvutwa tena. Kava ndilo linaloilazimisha feni kuvuta kupitia uso wote wa rejeta. Nafasi kati ya ncha ya panga na ukingo wa kava iwe kama milimita 20 hadi 25, na upana wa panga uwe takriban nusu ndani ya kava, nusu nje. Panga likizama lote ndani, au likibaki lote nje, umepoteza sehemu kubwa ya faida ya kuwa na kava.

Ili nisimwonee kijana wa watu, rejeta ilifungwa kwanza kama alivyoelekeza, bila kava. Juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za upepo wa ziwa na mwendo usiokatika, mshale wa geji ulitulia chini ya katikati, mtu angeapa gari limepona. Kuingia mjini, kwenye foleni ya kutoka Nyegezi, mshale ukaanza kupanda, ukapita katikati, ukaendelea. Hapo dawa ni moja: washa hita hadi mwisho, feni yake juu kabisa, fungua vioo vyote, kisha gia huru na ukanyage mafuta kidogo ili pampu ya maji izunguke. Hita ni rejeta ndogo ya ziada, inapunguza joto la kutosha kukufikisha pembeni ya barabara. Usizime injini ghafla, na usiguse mfuniko wa rejeta.

Dalili hiyo ishike vizuri kabla hujaenda kununua chochote. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Buzuruga au likipanda Bugando taratibu, halafu likapoa lenyewe ukishika barabara ya Usagara kwa mwendo mzuri, tatizo lake ni hewa: kava, klachi ya feni iliyokwisha mafuta, au mkanda unaoteleza. Gari lililo poa kwenye foleni lakini linapanda joto ukilipakia na kukimbia, mirija ya rejeta imeziba au rejeta ni ndogo. Linalochemsha popote, anza na thamostati, ile vali inayofungulia maji yaende rejetani injini ikipata moto, na pampu. Na kabla ya yote, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, tazama shingoni. Ukiona mapovu yasiyokoma, moshi wa mwako unaingia kwenye maji kupitia gasketi ya silinda hedi, na hapo ukiweka hata rejeta ya fuso umetupa hela.

Sasa, sifa kubwa aliyoisema muuzaji ni safu nne za mirija. Nne kweli, nilizihesabu kwa tochi kupitia shingo. Lakini safu nne si muujiza. Hewa inayofika kwenye safu ya nyuma imekwisha kupashwa moto na zile za mbele, kwa hiyo kila safu unayoongeza inasaidia kidogo kuliko iliyotangulia. Tena unene ule unaizuia hewa kupita, unataka feni yenye nguvu na kava lililobana. Safu tatu zenye kava zinaishinda safu nne isiyo na kava, hasa kwenye mwendo wa pole ambao ndio maisha ya mkonga. Basi unamuuziaje mtu rejeta nene halafu ukamwambia atupe kitu ambacho unene huo unakitegemea?

Unene una hatari nyingine ambayo dukani hawakuitaja. Rejeta nene inasogea karibu na feni. Pima kutoka panga hadi rejeta. Chini ya milimita 20 mimi siifungi. Raba za kushikia injini zikichoka, ukifunga breki injini inasogea mbele. Ukiingia kwenye maji, panga za plastiki zinapinda kuelekea mbele na kuikata rejeta kama msumeno. Watu wengi wametobolewa rejeta katikati ya mto wakadhani ni jiwe.

Kuhusu shaba na alumini sina ugomvi na mtu, ila kwa huku kwetu nachagua shaba. Alumini ni nyepesi, na yenye mirija mipana inapoza vizuri sana. Tatizo ni zile zenye tenki za plastiki zilizobanwa kwa meno ya bati juu ya raba. Plastiki ikizeeka inakuwa kavu, inapasuka shingoni au pale bomba linapoingia, na lehemu haishiki hapo. Shaba, ukiwa Sengerema, Geita au Nansio, utapata mtu mwenye koleo na lehemu akakuziba jioni hiyohiyo. Kwa gari la porini mimi naona hilo linazidi wepesi.

Jambo moja niwape haki yao watengenezaji, shingo ya mfuniko ilikuwa sahihi. Rejeta nyingi za bei nafuu zina shingo yenye kina kikubwa mno, springi ya mfuniko haikandamizi, presha haikai, maji yanamwagika kwenye kopo la akiba. Kwetu hilo ni kubwa kuliko Dar. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa presha ya baa 0.9 unayapandisha hadi karibu nyuzi 116. Kwa hiyo mfuniko mbovu Mwanza unakunyang'anya nyuzi 20. Nunua mfuniko mpya pamoja na rejeta, usihamishe ule wa zamani.

Vibati vilivyokunjwa katikati ya mirija navyo havikubanana kupita kiasi, na hilo nalipenda. Vilivyobanana vinapoza zaidi dukani tu. Ukipita kando ya ziwa jioni wakati wale wadudu wadogo wamepanda juu kama moshi, wanaingia rejetani kwa maelfu, wanachanganyika na vumbi, wanakauka wakawa ukuta. Osha kutokea upande wa injini kwenda mbele, maji ya mpira wa kawaida. Mashine za presha za kuoshea magari zinalaza vile vibati na hewa haipiti tena. Wakati wa wadudu, wavu wa dirishani uliofungwa mbele ya grili unasaidia, mradi ukung'utwe kila siku.

Nilikuwa nataka kusema ya fundi. Fundi rejeta wa Igoma aliipokea, akaweka kava juu yake, akachora kwa chaki mahali matundu yanapotakiwa kuwa. Akayeyusha lehemu ya mabano manne, akayahamisha, akayalehemu upya. Kisha akafanya kile duka lilichokataa. Akaziba bomba la juu na la chini kwa vipande vya mpira na klipu, akaingiza upepo shingoni hadi karibu baa 1, akaizamisha kwenye pipa lililokatwa. Kona ya chini kushoto, tenki linapokutana na bamba la mirija, kikatoka kipovu kimoja. Kikang'ang'ania pale, kikaachia, kikafuata kingine. Rejeta mpya, kutoka kwenye boksi, inavuja! Dakika chache za pipa zingelionyesha hilo pale kaunta.

Ikazibwa, ikapimwa tena, ikafungwa na kava lake, thamostati mpya ikiwekwa kile kitobo chake cha kupitishia hewa kikitazama juu, hozi ya chini mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa laini na inajibana injini ikikimbia. Maji safi na kulanti nusu kwa nusu, aina moja bila kuchanganya na mabaki ya nyingine, hita ikiwa wazi wakati wa kujaza ili hewa itoke. Maji ya ndoo kutoka ziwani yana tope na mwani, na ya visima vingi yana chumvi. Yote mawili ndiyo yaliyoiua rejeta ya kwanza.

Na hapa moyo unagawanyika, kwa sababu sasa rejeta inafanya kazi vizuri mno. Foleni ya mchana, jua la utosi, gari limepakia, mshale hausogei. Kama ningeandika kwa kuangalia geji tu ningeipa nyota nne bila kusita. Shaba ni nene, mirija iko wazi, shingo ni nzuri. Ila ukijumlisha bei ya duka, fundi, lehemu na siku gari lilizolala, ni rejeta ghali kuliko inavyoonekana, na aliyeiuza alitaka niondoke nayo ikivuja na bila kava. Nyota mbili. Hata hizo ni za kiini chake, duka silipi hata moja.

Tena nikifikiri vizuri, siwashauri kuinunua kabisa kama rejeta yenu ya zamani bado ina tenki na mabano mazima. Fundi yuleyule anabandua tenki zote mbili na kulehemu kiini kipya cha safu tatu katikati yake. Mabano yanabaki ya kiwandani, kava linaingia boliti kwa boliti, mabomba yako pale pale yalipokuwa. Kama tenki zimeoza na lazima ununue nzima, beba kava la feni mkononi uende nalo dukani, pamoja na rula. Ulipachike juu ya rejeta hapo hapo kaunta. Likikataa kuingia, na muuzaji akianza habari za urembo, toka.