Gari la viti 15 la kukodi na dereva wake: linafaa kwa watu 9, si kwa watu 15

Kwa kundi la watu 8 au 9 wenye mizigo ya kawaida, gari hili linatosha na ni nafuu kuliko basi. Kundi likijaza viti vyote na mabegi juu, hatulipendekezi kwa safari ya barabara kuu, hata kama karatasi zake zinaruhusu. Hapo kodi basi dogo la viti 25.

Tatizo liko kwenye umbo. Safu ya mwisho ya viti imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma (mhimili unaoshika magurudumu ya nyuma). Kila anayeketi pale husogeza uzito nyuma na juu, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na dereva akikata usukani ghafla kukwepa shimo, mkia wa gari unataka kutangulia. Mwaka 2001 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilitahadharisha kwamba katika ajali za gari moja, magari haya yakiwa na watu 10 au zaidi yalipinduka kwa kiwango cha karibu mara 3 ya yale yenye watu wachache. Kwa hiyo jaza safu za mbele kwanza, ya mwisho iache wazi, na keria isibebe kitu.

Matoleo mapya yana mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka. Dereva akiwasha swichi, taa yenye mchoro wa gari na mistari miwili iliyojipinda huwaka kisha huzima. Ikibaki imewaka, mfumo una hitilafu au umezimwa.

Kwenye matairi ndiko wakodishaji wengi huanguka. Gari la kukodi hushinda siku nyingi limeegeshwa, kwa hiyo tairi huzeeka kabla kashata hazijaisha, na mteja huona tairi zuri. Soma ubavuni tarakimu 4 za mwisho za mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tangu Februari 2021 Uingereza imepiga marufuku matairi yenye zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya mabasi na kwenye magurudumu yasiyo pacha (yaliyofungwa moja moja kila upande) ya mabasi madogo. Sisi tungekataa mapema zaidi, kwa sababu raba kuukuu ikipata joto la mwendo mrefu matabaka yake huachana, na tairi la nyuma likipasuka gari limejaa, kulirudisha kwenye mstari ni kazi ngumu mno. Angalia pia upepo. Mengi ya magari haya hutaka upepo mwingi zaidi nyuma kuliko mbele, kipimo kikiwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, lakini mafundi hujaza manne yote sawa. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Kama gari lilikuwa la mizigo likageuzwa la abiria, chungulia chini ya sakafu. Bolti za viti zinapaswa kushika bamba nene la chuma au fremu. Zikishika bati tupu, mkanda hautakusaidia, utang'oka pamoja na kiti.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni saa za dereva. Bei ya kukodi huhesabu safari yenu tu, wakati yeye ameamka alfajiri kuleta gari na usiku atalirudisha. Sheria ya Ulaya ni kipimo kizuri popote: mapumziko ya dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, saa 9 za kuendesha kwa siku (10 mara mbili tu kwa wiki), na kwa kawaida saa 11 za kupumzika. Kumsubiri bibi harusi ndani ya gari si kupumzika. Andikeni kwenye mkataba saa anayoanza kazi, na safari ikizidi vipimo hivyo, dai dereva wa pili.

Bima isomwe kama inaruhusu kubeba abiria kwa malipo. Ya gari binafsi mara nyingi hairuhusu.

Nyundo ya kuvunjia kioo hupigwa kwenye kona, na haipasui kioo chenye utando katikati kama cha mbele. Viti vya kukunja vilivyo njiani viachwe vimekunjwa. Kisha, kabla ya kuondoka, mtu mmoja akae nyuma na kuufungua mlango wa nyuma kutoka ndani, kwa sababu mara nyingine kitasa cha ndani huwa kimeng'olewa.