Nikon P950 kwa mpenda ndege: je, inatosha kumtambua ndege aliye mbali?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni sana. Kamera iliyo mezani leo ndiyo ambayo karibu kila mpenda ndege anayeanza huiulizia kabla hajatoa hata shilingi: Nikon Coolpix P950. Nimekuwa nikitembea nayo hapa pwani ya Kenya, kwenye hori ya Mida kule Watamu na ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na leo nataka tuseme kinagaubaga inapokufaa na inapokuangusha.

Nianze na jibu, mwenye haraka asichelewe. Kama unachotaka ni kumjua ndege, yaani urudi nyumbani na picha inayokuwezesha kusema huyu ni fulani wala si yule anayefanana naye, hii ni kamera yako. Kama unataka picha kubwa ya kutundika ukutani, au mwewe akishuka kwa kasi huku kila unyoya unahesabika, usiinunue. Weka akiba, subiri, ununue kitu kingine. Wengi wanaoilalamikia waliinunua kwa kazi ambayo haikutengenezewa.

Sifa yake kubwa ni zumu. Inaanza milimita 24, unapata hori yote na mikoko yake, halafu inakwenda hadi milimita 2000. Hiyo ni mara 83, na ni zumu ya lenzi yenyewe, si ile ya kukuza picha mpaka inageuka vipande. Kamera nzima ina uzito wa kilo moja hivi. Lenzi moja ya milimita 600 ya wapiga picha wa kulipwa, ile kubwa yenye mdomo mpana, inazidi kilo tatu zile za zamani, na kwa bei yake unanunua pikipiki na pesa nyingi inabaki. P950 ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa karibu dola 800 kule Marekani.

Sasa, zumu hiyo yote imeingiaje kwenye kamera ndogo hivi? Ni kwa sababu sensa ndani yake, kile kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha, ni ndogo sana, ya ukubwa wa inchi 1/2.3. Hapo ndipo mazuri yake yote na mabaya yake yote yanapotokea, kwa hiyo lishike hilo. Sensa ndogo inakupa umbali, lakini inataka mwanga. Tena ukifika mwisho wa zumu, lenzi inafunguka f/6.5 tu, mwanga unaoingia ni haba. Kwenye jua la pwani hutaliona tatizo hilo. Kwenye kivuli cha msitu utaliona mara moja.

Tazama picha hii ya kwanza. Huyu ni mdiria, amekaa juu ya mkoko ng'ambo ya mkondo. Kwa macho matupu ni doa la buluu. Kwa darubini ya kawaida utaona mgongo wa buluu na kichwa cha kijivu, na hapo ndipo ubishi unapoanza, kwa sababu kuna wadiria wawili wanaokaribiana mno: Halcyon senegaloides, mdiria wa mikoko, na Halcyon senegalensis, mdiria wa porini. Navuta hadi milimita 2000. Angalia mdomo. Taya la juu ni jekundu, na la chini pia ni jekundu, mpaka kwenye ncha. Basi, kwisha maneno: huyu ni wa mikoko. Yule wa porini taya lake la chini ni jeusi. Picha yenyewe si ya mashindano, nyuma kuna vijiti vimeingia na rangi imefifia kidogo. Lakini jina la ndege tumelipata, na ushahidi tunao.

Haya, twende kwenye matope maji yakiwa yamekupwa. Hawa wawili ni sululu, wote rangi ya udongo, wote mdomo umepinda kwenda chini. Ukiwa mbali utasema ni ndege mmoja. Nisimamishe hapa kwenye kichwa. Huyu wa kushoto ana mistari miwili myeusi utosini na katikati yake mstari mweupe, ni Numenius phaeopus. Huyu wa kulia kichwa hakina mistari, na mdomo wake ni mrefu kupita kiasi, ni Numenius arquata. Mstari wa utosini ni kitu cha sentimita chache, na tunauona kutoka ng'ambo ya hori. Kwa kazi hii, kwa bei hii, sijaona kamera ya kuishinda.

Na hawa weusi kwa weupe wenye miguu mirefu na mdomo mnene mweusi ndio Dromas ardeola, walaji kaa, fahari ya Mida. Nawasalimu sana wenzetu mlioko Oman na nchi za Ghuba, maana ndege hawa ni wenu pia. Wanazaa kwenye fukwe za huko, na ajabu yao ni kwamba hawajengi kiota juu, wanachimba shimo mchangani na kutagia humo ndani. Msimu wa kuzaa ukiisha wanashuka kwetu, na Mida huwa wamejaa.

Kuna kitu kimoja ambacho kamera yoyote itashindwa, iwe hii au ya bei mara kumi. Jua likishapanda, hewa juu ya matope inachemka, na yale mazigazi yanaingia kwenye picha. Kwa milimita 2000 miguu ya ndege inacheza kama iko ndani ya maji. Usiilaumu lenzi. Nenda alfajiri, na angalia kalenda ya maji kabla hujatoka: maji yakiwa yanajaa, ndege wanasukumwa polepole kutoka mbali kuja upande wako. Pale Mida kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, mwisho wake kuna kibanda cha kujificha. Kaa humo, tulia, bahari itakuletea ndege yenyewe.

Nirudi kwenye kamera. Shida ya kwanza utakayokutana nayo ni kumpoteza ndege ukiwa umevuta zumu yote. Akisogea tawi moja tu, huoni kitu ila majani. Tazama mkono wangu wa kushoto, hapa ubavuni mwa lenzi, kuna kitufe. Ukikibonyeza na kukishikilia, zumu inarudi nyuma kwa muda, unamwona ndege yuko wapi, unamweka tena katikati, unaachia, na zumu inarudi pale pale ilipokuwa. Jizoeze kukitumia bila kukitazama. Mimi nadhani kitufe hiki kina faida kuliko ile alama ya ndege iliyo kwenye gurudumu la juu. Hiyo alama itakusaidia siku za mwanzo, lakini baadaye hamia kwenye S, uchague mwenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaingiza mwanga. Kwa ndege aliyetulia 1/500 ya sekunde inatosha, na kizuia mtikisiko chake ni kizuri kweli, mwanga ukipungua unaweza kushuka zaidi.

Fokasi nayo ina tabia ya kukimbilia vijiti vilivyo nyuma ya ndege. Punguza kisanduku cha fokasi kiwe kidogo kabisa, ukiweke juu ya jicho. Ikikataa bado, kuna swichi ya AF na MF: AF kamera inajirekebisha yenyewe, MF unarekebisha mwenyewe kwa mkono. Na usibonyeze tu kama bunduki ya filamu. Kwa kasi yake kubwa inapiga picha saba kwa sekunde, lakini zikifika kumi inasimama kuziandika kwenye kadi, na ndege hasubiri kadi. Piga mbili, tatu, achia.

Ndani ya msitu hadithi inabadilika. Arabuko-Sokoke kuna bundi mdogo kabisa, bundi wa Sokoke, mrefu wa sentimita 16 hivi, na ukimtoa hapa anajulikana Usambara Mashariki tu, huko Tanzania. Mchana analala kwenye vichaka vizito, giza tupu. Cha kushangaza, kwa huyu P950 inajitahidi, kwa sababu hatikisiki. Usivute zumu yote, maana ukirudi nyuma lenzi inaingiza mwanga zaidi, egemeza kamera kwenye mti, shusha kasi ya shata, na ISO, ile inayoongeza wepesi wa kamera kwa mwanga, isizidi 800. Utapata picha. Lakini chozi wa Amani, anayehangaika juu kabisa ya miti hatulii hata nukta moja, huyo itakuchosha. Ukipandisha ISO hadi 1600 chembechembe zinakula rangi yote, na kwa chozi jike, ambaye rangi zake ni za kufifia tangu hapo, hilo linakumalizia kila kitu. Kama wewe ni mtu wa msituni zaidi kuliko ufukweni, fikiria upya.

Na kwa bundi huyo nasema kwa moyo wote: flashi hapana, na kumchezea sauti yake kwenye simu ili atokeze hapana. Nenda na mwongozaji wa pale, akupe dakika zako chache, muondoke. Picha ukiiweka mtandaoni usitaje kichaka chake.

Jina la ndege usilolijua utalipata wapi? Mimi natumia programu ya Merlin, ya Cornell Lab of Ornithology kule Marekani. Ni bure, na ukishapakua kifurushi cha ndege wa eneo lako nyumbani, inafanya kazi hata msituni pasipo mtandao. Kamera ina njia ya kutuma picha kwenye simu, ila inachelewa. Ukiwa porini, piga picha ya skrini ya kamera kwa simu yako, uipe Merlin hiyo, inatosha kabisa. Ijazie mahali na tarehe, maana ndivyo inavyoondoa ndege wasioweza kuwa hapo. Ila jibu lake ni pendekezo. Kwa makinda, kwa majike ya mnana, na kwa ndege wadogo wa ufukweni wenye manyoya ya msimu wa kuhama, mara nyingi itakupa majina matatu, na wa kuamua ni wewe. Kwa hiyo mpige ndege ubavuni, mgongoni, akifungua mabawa, na miguu ionekane. Picha mbaya inayoonyesha rangi ya miguu usiifute. Inaweza kuwa ndiyo inayomaliza ubishi.

Ukishalipata jina, liandikishe. Kuna eBird, tovuti ya watu wa dunia nzima kuandika ndege waliowaona, na kwetu Kenya kuna Kenya Bird Map, ambamo nchi imegawanywa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na miraba mingi bado inahitaji watu wa kuitembelea. Huhitaji shahada yoyote. Picha yako yenye ukungu kidogo lakini yenye taya jekundu inaingia kwenye kumbukumbu ya kisayansi.

Haraka haraka kuhusu ndugu zake. P900 ya 2015 ina zumu ile ile na ni nyepesi kidogo, ila haihifadhi picha za RAW, zile ghafi zinazofaa kuhaririwa. Ukiipata kwa bei nzuri na huna mpango wa kuhariri picha, ichukue. P1000 inafika milimita 3000, lakini ina uzito wa kilo 1.4, na kwa mazigazi yetu haya ile elfu ya mwisho hutaitumia sana. Mimi nabaki na P950.

Betri ni ya picha 290 hivi, kwa hiyo nunua ya pili, au beba pawabenki, inachaji kwa waya wa USB. Haina kinga ya maji, na chumvi ya bahari ni adui yake: ukirudi ipanguse kwa kitambaa kikavu kabla hujala. Na kwa mnaonunua iliyotumika, msilipe kabla hamjaijaribu nje, kwenye jua. Vuta zumu mpaka mwisho, irudishe, rudia, huku sikio likiwa karibu na lenzi. Mlio uwe laini, mwendo usikwame popote. Kisha elekeza kwenye nguzo ya umeme iliyo mbali, piga kwa milimita 2000, ukuze picha kwenye skrini uangalie pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko zingine, huenda lenzi imeshaanguka chini. Mrudishie mwenyewe kamera yake.